Lori Linapita, Udongo Unabaki: Sheria za Kusafirisha Madini Yenye Mionzi ya Asili

Kila tunapofanya baraza kuhusu madini katika Kaunti ya Kwale, swali hili halikosekani: "Malori yanayobeba mchanga wa madini, hayatuletei maradhi?" Swali hilo ni la haki. Kwa zaidi ya miaka 10, hadi uchimbaji wa Base Titanium ulipofikia mwisho Desemba 2024, wakazi wa Msambweni, Ukunda, Waa na Ng'ombeni walizoea kuona malori yakitoka mgodini kuelekea Likoni, ambako mzigo ulipakiwa melini. Mgodi huo umefungwa, lakini mazungumzo juu ya Mlima Mrima, kule Lunga Lunga, na madini adimu yaliyomo hayajaisha. Siku mzigo mwingine utakapoanza kutoka, ni vyema kila mkazi awe anaijua sheria mapema.

Jibu la swali la barazani, kwa ufupi, ni hili: lori ambalo mzigo wake umepimwa, ukafunikwa na kuandikiwa karatasi zake, si la kukukosesha usingizi. Kinachohitaji hadhari ni udongo unaoondolewa mahali pake bila kipimo wala karatasi, kisha ukaishia kwenye sakafu na kuta za nyumba ya mtu. Makala haya yanaeleza kwa nini ni hivyo, sheria inataka nini, na wewe mkazi ufanye nini.

Mionzi ya asili ni nini?

Ardhi yote ina mionzi. Ndani ya mawe na udongo mna chembechembe za urani, thoriamu na potasiamu ambazo zimekuwamo tangu dunia ilipoumbwa. Atomu zake huvunjika polepole, na kila inapovunjika hutoa miale ambayo jicho haliioni na pua haiinusi. Potasiamu hiyo imo pia katika ndizi na maharagwe tunayokula, na mwili wa mtu mzima una kiasi chake wakati wote.

Vipimo viwili vitatusaidia kuelewa sheria. Cha kwanza ni bekereli, kinachohesabu ni atomu ngapi zinavunjika kila sekunde. Mchanga ukisemwa una bekereli 1 kwa gramu, maana yake katika kila gramu moja inavunjika atomu moja kila sekunde. Cha pili ni milisiveti, kinachopima athari ya miale hiyo kwa mwili wa binadamu. Kwa wastani wa dunia, mtu hupata takriban milisiveti 2.4 kwa mwaka kutokana na mionzi ya asili: ardhini, angani, katika chakula na katika hewa anayovuta. Juu ya hiyo ya asili, viwango vya kimataifa vinataka shughuli za binadamu zisimwongezee mwananchi wa kawaida zaidi ya milisiveti 1 kwa mwaka.

Kwa nini Kwale?

Mchanga wa madini wa pwani yetu una ilmenaiti, rutaili na zirikoni. Ilmenaiti na rutaili hutumika kutengeneza rangi nyeupe na chuma cha titani, na zirikoni hutumika katika vigae na vyombo vya kauri. Katika zirikoni, popote inapochimbwa duniani, hujificha kiasi kidogo cha urani na thoriamu. Mchanga wa namna hii unaweza pia kuwa na madini yaitwayo monazaiti, ambayo thoriamu yake ni nyingi zaidi kwa mbali.

Mlima Mrima nao ni mwamba wa volkano ya kale wenye niobiamu, madini adimu na thoriamu. Watafiti wa vyuo vikuu vya humu nchini wameupima kwa miongo kadhaa na kukuta kwamba mionzi ya asili mlimani iko juu mara kadhaa kuliko wastani wa kawaida. Mlima huo ni msitu wa kaya, na unalindwa kisheria kama msitu na kama turathi. Wazee waliokataza watu kukata mti au kuchukua kitu kayani hawakuwa na mashine ya kupimia, lakini katazo lao limesaidia kuufanya udongo huo ubaki pale ulipo.

Jambo moja lieleweke wazi. Kutoka Mrima si ugonjwa, na mionzi haiambukizi. Mtu haachi kuolewa, kuajiriwa wala kununuliwa mazao yake kwa sababu ya mlima ulio karibu na kwao.

Sheria inasema nini?

Mambo ya mionzi nchini Kenya yako chini ya Serikali ya Kitaifa. Sheria inayotumika ni Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya Sheria ya Kinga dhidi ya Mionzi ya miaka ya 1980. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia Kenya, inayojulikana kwa kifupi kama KNRA. Kumiliki, kusafirisha, kuingiza nchini, kuuza nje au kutupa vitu vyenye mionzi vilivyo chini ya sheria hiyo kunahitaji kibali cha mamlaka hiyo.

Madini yenyewe yako chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2016. Mwenye kuchimba au kutafiti madini sharti awe na leseni, na anayeyapeleka nje ya nchi sharti awe na kibali cha kuyauza nje. Kwa hiyo mtu akifika shambani kwako na jembe na mifuko ya sampuli, una haki ya kumwomba akuonyeshe leseni yake kabla hajachimba. Kibali cha madini hakichukui nafasi ya kibali cha mionzi, wala cha mionzi hakichukui nafasi ya kile cha madini.

Kuhusu usafirishaji wenyewe, kipimo kinachotumika duniani ni kanuni za Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, ambalo Kenya ni mwanachama wake tangu 1965. Kanuni hizo zilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1961, na zimekuwa zikirekebishwa tangu hapo.

Si kila mchanga ni mzigo wa mionzi

Kama kila kitu chenye mionzi kingehitaji kibali, hata lori la ndizi lingesimamishwa. Ndiyo maana kanuni zimeweka mipaka.

Kwa urani na thoriamu za asili, mpaka wa kwanza ni bekereli 1 kwa gramu. Chini ya hapo, kwa kawaida udongo hauhesabiwi kuwa kitu cha kudhibitiwa kwa sababu ya mionzi. Ukizidi hapo, mwenye mgodi au kiwanda anapaswa kutathmini hali ya wafanyakazi wake na mazingira.

Mpaka wa pili unahusu barabara. Kwa madini ya asili, kanuni za usafirishaji zinaruhusu hadi mara 10 ya kiwango hicho, yaani bekereli 10 kwa gramu, kabla mzigo haujahesabiwa kuwa mzigo wa mionzi. Sababu ni kwamba mzigo ulio njiani hukaa karibu na watu kwa muda mfupi, tofauti na mchanga ulio ghalani ambako watu hufanya kazi mwaka mzima.

Zirikoni inayouzwa duniani huwa na bekereli 2 hadi 4 kwa gramu. Iko juu ya mpaka wa kwanza, lakini chini ya ule wa barabara. Ndiyo maana lori la zirikoni linaweza kupita bila bango la mionzi na dereva asiwe amevunja kanuni hizo. Monazaiti ina makumi hadi mamia ya bekereli kwa gramu, na hiyo haiwezi kusafirishwa kama mchanga wa kawaida.

Hapo ndipo kipimo kinapokuwa na uzito wake. Mchanga wenye bekereli 3 na ule wenye bekereli 100 vinaweza kufanana kabisa machoni. Kinachovitofautisha ni cheti cha maabara, na wajibu wa kukipata ni wa mwenye mzigo, kabla gurudumu la lori halijazunguka.

Utalitambuaje lori lenye mzigo wa mionzi?

Mzigo ukivuka mpaka wa barabara, unaingia katika daraja la 7 la bidhaa hatari. Hapo mambo yafuatayo yanatakiwa:

Bango. Kuna bango lenye umbo la almasi pande mbili za lori na nyuma. Nusu yake ya juu ni ya manjano, na ina alama nyeusi yenye mabawa matatu kama feni. Nusu ya chini ni nyeupe, na kwenye pembe ya chini kuna namba 7. Kwa madini ghafi mara nyingi utaona pia namba 2912, ambayo kimataifa ni ya vitu vyenye mionzi hafifu.

Mzigo usiovuja. Madini ghafi yanaweza kubebwa bila kufungashwa, mradi lori liwe limezibwa na kufunikwa ili pasimwagike wala kupeperuka kitu katika safari ya kawaida. Turubai lililopasuka ni kosa, hata kama mzigo ni mdogo.

Karatasi. Dereva anatakiwa kuwa na hati inayoeleza mzigo ni nini, una mionzi kiasi gani, nani ameutuma, nani anaupokea, na afanye nini ajali ikitokea. Anayetuma mzigo hutia saini kwamba maelezo hayo ni ya kweli.

Kikomo cha miale. Nje ya lori, miale isizidi milisiveti 2 kwa saa ubavuni mwa lori, na milisiveti 0.1 kwa saa kwa umbali wa mita 2.

Abiria. Lori lenye vifurushi vya lebo ya manjano halibebi mtu yeyote isipokuwa dereva na wasaidizi wake. Kumpa mtu lifti, au vijana kudandia nyuma ya mzigo, hakuruhusiwi.

Kusafisha. Lori, kontena au chombo kilichobeba mzigo huu hakibebi kitu kingine mpaka kisafishwe na kupimwa. Lori lililotoka na madini asubuhi halirudi na mahindi jioni.

Hesabu ndogo

Tuchukue lori lililofika kikomo kabisa, lenye kutoa milisiveti 0.1 kwa saa kwa umbali wa mita 2. Madini ya kawaida huwa chini ya hapo, lakini tuhesabu kwa hali mbaya zaidi. Umesimama mita 2 kutoka barabarani, na lori linakupita kwa sekunde 10. Utakuwa umepata takriban milisiveti 0.0003. Yakikupita malori mawili ya namna hiyo kila siku kwa siku 300, jumla yake ni kama milisiveti 0.17. Hiyo ni chini ya moja ya tano ya kikomo cha mwaka.

Sasa tuchukue nyumba. Tuseme sakafu yake imejazwa kifusi chenye mionzi, na kinaongeza miale hafifu mara 200 kuliko ile ya lori letu, yaani milisiveti 0.0005 kwa saa. Mtu anayekaa ndani saa 12 kwa siku, siku 365, atapata milisiveti 2.2 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya kikomo. Mama aliyejifungua na mtoto mchanga hukaa ndani saa nyingi zaidi, na nyumba ya mawe huishi miaka 40 au 50.

Huo ni mfano wa hesabu tu, hatusemi kwamba kuna nyumba fulani iliyopimwa ikakutwa hivyo. Lakini unaonyesha kwa nini sheria ya usafirishaji inasisitiza karatasi. Karatasi ndizo zinazoeleza mzigo ulitoka wapi na uliishia wapi. Udongo ukisafirishwa kimyakimya usiku, baada ya miaka mitano hakuna atakayejua ulimwagwa katika nyumba ya nani.

Kifusi cha bure na magunia ya bure

Kwa sababu hiyo, tunawaomba wakazi na mafundi wa ujenzi wazingatie mambo haya:

Usinunue wala usipokee bure mchanga, maramu au kifusi usichojua kilikotoka. Muulize mwenye lori timbo ni lipi na liko wapi. Akisita kujibu, usikubali amwage.

Usichukue udongo, mawe au mchanga kutoka Mlima Mrima, wala mabaki ya mchanga kutoka eneo lolote la mgodi, hata kama lango liko wazi na hakuna askari. Mchanga wa madini ukishachujwa, mionzi inaweza kujikusanya katika fungu moja, na fungu hilo ndilo linaloweza kuonekana safi na zuri kwa kupiga lipu.

Usitumie magunia yaliyobeba madini kuhifadhia nafaka, mkaa au chakula cha mifugo. Kulisuuza gunia hakutoshi. Vumbi la thoriamu likimezwa au likivutwa hudhuru zaidi kuliko likiwa nje ya mwili, kwa sababu miale yake mingine ambayo ngozi huizuia huwa imeingia ndani.

Wanunuzi wa vyuma chakavu wawe waangalifu na mabomba, matangi na mashine kuukuu za migodi na viwanda. Utando uliogandia ndani unaweza kuwa na mionzi. Ukiona alama ya feni nyeusi kwenye chuma chochote, usikikate wala usikiyeyushe. Kiache hapo na utoe taarifa.

Kama una wasiwasi kwamba nyumba yako tayari imejengwa kwa udongo wa namna hiyo, usiivunje. Kuivunja hutimua vumbi na kuhamishia tatizo kwa jirani. Pitia kwa chifu au ofisi ya msimamizi wa wadi, uombe suala lako lifikishwe kwa KNRA ili wataalamu wake wapime. Wakati unasubiri, fungua madirisha mchana kutwa. Urani na thoriamu hutoa gesi ambayo hukusanyika katika chumba kilichofungwa, na hewa inayopita huipunguza sana.

Lori likipinduka

Sote tunakumbuka Sachang'wan mwaka 2009, ambako zaidi ya watu 100 walikufa kwa moto walipokuwa wakichota mafuta ya lori lililoanguka. Kukimbilia lori lililopinduka kumeshatugharimu sana kama taifa. Likianguka lori lenye bango la namba 7, fuata hatua hizi:

Kwanza, okoa maisha. Dereva akiwa ameumia, msaidie. Madini ghafi hayana mionzi ya kumdhuru mwokoaji katika dakika chache za kumtoa mtu ndani ya lori. Majeruhi asikataliwe kituo cha afya, wala asiachwe barabarani kwa sababu ya bango. Funga kitambaa puani na mdomoni ili usivute vumbi, na uwaeleze wahudumu wa afya lori lilikuwa na alama gani.

Pili, waondoe watu angalau mita 30 kutoka kwenye mzigo, mkae upande unakotoka upepo. Msimu wa kusi vumbi litakwenda kaskazini, na msimu wa kaskazi litakwenda kusini.

Tatu, piga simu 999 au 112. Sema uko wapi, umeona bango gani, na kama kuna mzigo uliomwagika. Kusoma namba ya bango ukiwa mbali kunatosha, usisogee karibu ili upige picha.

Nne, usiguse, usizoe wala usifagie mchanga uliomwagika. Kama umeushika, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula au kuvuta sigara. Vua nguo ya juu, uiweke katika mfuko uliofungwa, na uoge.

Kazi ya kaunti ni ipi?

Wakazi wengine huuliza kwa nini kaunti isiyapime malori yenyewe. Katiba imegawa kazi. Kupima na kutoa vibali vya mionzi ni kazi ya KNRA, leseni za madini ni za wizara ya kitaifa, na usalama barabarani uko chini ya polisi na NTSA. Kaunti inasimamia barabara za kaunti, vibali vya ujenzi, vituo vya afya, zimamoto na maafa. Kwa hiyo, lori likipinduka, gari la zimamoto na muuguzi wa zahanati wanaweza kuwa wa kwanza kufika, ilhali kifaa rasmi cha kupimia kitakuja nyuma yao.

Kazi nyingine tunayoshirikiana ni ya kuhoji. Kampuni inapotaka kuanzisha mradi wa madini, sheria ya mazingira huitaka ifanye tathmini ya athari na isikilize maoni ya wananchi. Siku hiyo usije tu kuuliza juu ya nafasi za kazi na asilimia 10 ya mrabaha ambayo Sheria ya Madini imetengea jamii. Uliza pia: Mzigo utapimwa na nani, na matokeo yatabandikwa wapi? Malori yatapita njia gani, na saa ngapi wakati watoto wanatoka shule? Mabaki yenye mionzi yatazikwa wapi, na nani atayalinda mgodi ukifungwa? Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, kwa sababu yaliyosemwa kwa mdomo husahaulika lakini mabaki ya mgodi hukaa vizazi na vizazi.

Ukiona lori linalomwaga mchanga bila turubai, udongo unaochukuliwa Mrima, au kifusi kinachouzwa bila kujulikana asili yake, andika namba ya gari, mahali na saa, kisha umjulishe chifu, msimamizi wa wadi au kituo cha polisi kilicho karibu. Hulazimiki kuwa na uhakika kwamba kuna mionzi. Kuthibitisha hilo ni kazi ya wenye vifaa, yako ni kutoa taarifa kabla udongo huo haujawa ukuta wa nyumba ya mtu.